Maswali Yenu: Simu Ndani ya Makumbusho

Toleo lililopita niligusia uhalisia ulioongezwa, yaani ile teknolojia ya kuinua simu mbele ya kitu halisi, ukakiona kiooni pamoja na kile ambacho wakati umekiondoa: paa lililoanguka, nyama juu ya mifupa, meli iliyozama. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua za watu ambao tayari wana kazi mikononi. Kwa wasionijua, nilikuwa mwongozaji wa wageni Mombasa kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kujifunza usanifu, na mengi nitakayosema hapa nimefundishwa na wageni wenyewe, kwa mahali walipokuwa wakisimama na kwa mambo waliyokuwa wakiuliza.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, natengeneza programu za simu. Nataka kuifufua Fort Jesus, ngome ya hapa Mombasa: askari wa Kireno juu ya kuta, mizinga ikilia, kila chumba na hadithi yake. Nimeshaorodhesha vituo 42. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza kwa kuikunja hiyo orodha uitie mfukoni. Kisha nenda ngomeni siku tano, bila kompyuta, na daftari tu. Keti kivulini uandike wageni wanasimama wapi bila kuambiwa na mtu, na wanauliza nini.

Nakwambia hivi kwa sababu ngome ile ina mambo mengi mno. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Wareno wakaishika, Waomani wakaitwaa, Waingereza wakaigeuza gereza, leo ni makumbusho. Kila zama ina haki ya kusimuliwa, na msanifu asiyejizuia atataka kuzisimulia zote. Lakini mgeni ana miguu miwili na jua la Mombasa kichwani. Wengi niliowaongoza, saa moja na nusu ikipita, walikuwa wameanza kutafuta maji ya madafu.

Nilipofanya zoezi hilo mwenyewe, alama nyingi daftarini mwangu ziliangukia mahali ambapo hapakuwa na kibao wala kitu cha kuonyeshwa: kwenye ukuta unaotazama mlango wa bahari. Watu hufika pale, huegemea, hunyamaza. Kisha huuliza swali lilelile, awe mtoto wa shule kutoka Voi au mzee kutoka Ureno: "Meli zilikuwa zikiingilia wapi?"

Jibu liko chini ya maji mbele ya macho yao. Ngome ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na katika mzingiro huo manowari ya Kireno, Santo António de Tanna, ikazama papo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Wataalamu walianza kuichimbua chini ya bahari mwaka 1977. Vyombo vilivyotolewa vimo kabatini ndani ya makumbusho, na mbao za chini za meli ziliachwa palepale zilipolala. Mgeni huviona vile vyombo nyuma ya kioo, husema "vya zamani hivi", huenda zake. Hakuna kinachomwambia kwamba meli yenyewe iko hatua chache kutoka aliposimama. Hapo ndipo kituo chako cha kwanza, na huenda kikatosha kwa mwaka mzima.

Sasa usikimbilie kuandika programu. Mimi nilinunua karatasi ya plastiki angavu, ile ya kujaladia madaftari ya shule, nikaikaza kwenye fremu ya picha iliyotolewa kioo. Nikachora meli kwa kalamu ya maka, nikampa kila mgeni aishike kwa mkono ulionyooka, kana kwamba ni simu, na kuilenga baharini. Nilitengeneza fremu tatu. Ya kwanza meli ilijaza karatasi nzima, matanga na kamba zote zikionekana. Wageni waliisifu sana, na macho yao hayakutoka kwenye karatasi. Ya pili niliipunguza, mambo yakawa yaleyale. Ya tatu niliichora ndogo, kwa kipimo ambacho meli ya kweli ingeonekana ukiwa juu ya ukuta ule. Mama mmoja wa Likoni, na mtoto mgongoni, aliitazama, akaishusha fremu, akayatazama maji matupu, akaniuliza: "Yaani iko hapo mpaka leo?" Akainua tena, akashusha tena.

Swali la yule mama ndiyo kazi yako yote. Picha iliyomfanya aishushe ndiyo picha nzuri, na ilikuwa ndogo kuliko zote, tena mbaya ya uchoraji.

Ukipata kishawishi cha kurudia vituo 42, kumbuka makumbusho ya viumbe ya Smithsonian, Washington. Wana ukumbi wa mifupa wa tangu karne ya 19, wenye mamia ya viunzi vya wanyama. Walipotengeneza programu yao ya namna hii mwaka 2015 walichagua viunzi 13 tu, vile ambavyo mwendo au ngozi ingefafanua kitu ambacho mfupa peke yake hauwezi kukisema. Wao wana fedha kutuzidi mimi na wewe, na bado walichagua.

Mizinga inayolia iache. Uani pale kuna waongozaji walio hai wanaosema kwa midomo yao, na sauti ya simu yako itawafunika. Nimekuwa upande huo wa uani, najua inavyouma mgeni anapokupa kisogo katikati ya sentensi.

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi kwenye makumbusho madogo ya mkoa. Wakubwa wametuletea pendekezo la kampuni fulani: programu ya kupakua, inafanya kazi vizuri kwenye simu ya mkurugenzi. Wageni wetu wengi ni wanafunzi na wakulima. Nina wasiwasi lakini sijui nisemeje kikaoni.

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, kaka yangu, na nitakupa kisa changu ukakitumie kikaoni. Kazi yangu ya kwanza, kwenye makumbusho ambayo sitayataja, ilikuwa programu ya megabaiti 380. Siku ya uzinduzi walikuja wanafunzi sitini. Walimu walikuwa wameazima simu za ndugu na jamaa. Mstari ukasimama mlangoni, kila mmoja akisubiri ipakuliwe, bando zikiisha moja baada ya nyingine. Mpaka saa sita mchana waliokuwa wameifungua ni watatu. Msichana mmoja wa darasa la sita aliniuliza kwa adabu kama sasa wanaweza kwenda kutazama ngoma za kweli zilizokuwa chumba cha pili. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeijaribu miezi minne kwa simu yangu, ofisini, kwenye intaneti ya waya.

Kikaoni uliza mambo haya. Kwanza, simu gani? Mfumo wa ARCore wa Google, ambao programu nyingi za aina hii za Android huutegemea tangu 2018, haukubali kila simu. Unahitaji kihisi cha mzunguko, kile kidude cha ndani kinachojua simu imegeukia upande gani, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Waombe wenye kampuni walete programu yao siku ya kawaida, waijaribu kwenye simu za wageni kumi wa kwanza wanaoingia getini. Wala usibishane nao kwa maneno.

Pili, mgeni ataipataje? Kama ni lazima itumie simu yake, basi iwe ukurasa unaofunguka kwa kupiga picha msimbo wa QR, wenye megabaiti chache, na makumbusho yawe na mtandao wa ndani unaotoa mafaili hayo kutoka kompyuta ndogo iliyo palepale. Hauhitaji intaneti ya nje wala bando la mtu. Au mnunue vishikwambi vinne vyenye makava ya mpira, viazimwe kwa kuacha kitambulisho. Watu wawili watatu wakishika kimoja huzungumza, tena hiyo kwangu ni faida.

Tatu, na hapa watu wa ofisini hukosea sana, ni mwanga. Kamera inajua ilipo kwa kushika alama za ukutani: nyufa, vishimo, madoa. Ukuta uliopakwa chokaa upya, mweupe pe, hauipi pa kushika, na picha inaelea kama mtumbwi usiofungwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mzuri, una vishimo kila mahali. Ila vivuli vya vishimo hivyo hutembea na jua. Kitu kilichotambulika vizuri saa tatu asubuhi, saa kumi jioni simu inakikana. Kwa hiyo mwambie fundi apige picha za ukuta uleule asubuhi, adhuhuri na alasiri, zote aipe programu. Na asiweke kituo juani kabisa: kioo hakisomeki, na simu ikipata moto sana hujizima.

Kama majibu yao hayaridhishi, kuna njia isiyohitaji simu ya mgeni hata kidogo. Makumbusho ya viumbe ya Berlin, ukumbi wao wa dinosaria ulipofunguliwa upya 2007, waliweka vyombo vya kudumu mfano wa darubini juu ya nguzo. Unachungulia, unaelekeza kwenye kiunzi, na mifupa inavaa viungo, misuli, ngozi, kisha mnyama anatembea. Unaondoa jicho, mifupa iko palepale. Hakuna cha kupakua, na mwenzako anasubiri zamu yake nyuma yako huku akitazama mifupa halisi. Mpaka leo naona ni usanifu bora kuliko mwingi uliokuja baadaye.

SWALI: Nimesoma kwamba mifupa mikubwa iliyoko Berlin ilitoka kwetu Lindi, Tendaguru. Sisi wazee tuliisikia kwa babu zetu waliobeba. Je, teknolojia hii inaweza kutuonyesha mnyama huyo hapa hapa Lindi? Na je, ikifanyika, si watasema basi mmeshapata, nyamazeni?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina maswali mawili mazito.

La kwanza, ndiyo, inawezekana. Mnyama mwenyewe, dinosaria aitwaye Giraffatitan, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na kiunzi chake pale Berlin kina kimo cha mita 13.27. Twiga mrefu wa leo, ukimpandisha juu ya mwenzake, bado hawajafika. Chukua kiwanja cha shule ya msingi, si chumba. Watengenezaji wengi humweka mnyama wa namna hii mita tano mbele ya mtoto, na mtoto anaona magoti tu, anazungusha simu juu na chini akitafuta kichwa. Mimi ningeyatumia hayo magoti. Ningeanza na mguu mmoja, mfupa wa paja ukiwa karibu na mtoto, kisha sauti imwambie arudi nyuma, arudi tena, mpaka afike golini upande wa pili, na ndipo shingo yote iingie kwenye kioo. Ukubwa ataujua kwa hatua alizorudi. Na kivuli cha mnyama kianguke upande uleule kinapoanguka kivuli cha mwembe uliopo kiwanjani. Kikienda kinyume, jicho la mtoto litajua ni uongo hata kama yeye hawezi kusema kwa nini.

Lakini mnyama peke yake ni nusu ya hadithi, na kwa Lindi ni nusu ndogo. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Maji Maji vikiwa vimemalizika juzi tu na nchi ya kusini ikiwa bado inauguza njaa iliyofuata. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa huko, mamia kwa mamia. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilifungwa, mingine ndani ya mapipa ya mianzi, ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, safari ya miguu ya siku kama nne. Mapipa mengine yapo Berlin mpaka leo hayajafunguliwa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na jicho lake la kuutambua mfupa ardhini liliheshimiwa na wataalamu wenyewe. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa Wamwera wenye nchi na kwa Mohammadi Keranje, aliyesimamia shimo alimotoka.

Haya majina mtoto wa Lindi ayasikie kabla hajamwona mnyama. Ningeweka njia, si mnyama tu: kituo kimoja shuleni, kimoja mahali barabara ya zamani ilipopita, cha mwisho baharini. Na baharini pale nisingetumia simu. Ningefunga mfuko wa mchanga wa kilo thelathini kwenye mti, kama mzigo wa mpagazi, watoto wawili wawili waubebe hatua mia moja ufukweni. Uzito hauonyeshwi na kioo.

Na wapagazi wenyewe nisingewachora kwa kompyuta kabisa. Nimeona kazi nyingi ambamo Mzungu ana sura na jina, na wabebaji ni mstari wa vivuli vyenye mwendo mmoja, mtu mmoja aliyenakiliwa mara hamsini. Afadhali sauti za wajukuu wakisimulia walichosikia. Mzee wangu, sauti yako iwe ya kwanza. Irekodiwe mwaka huu, hata kwa simu ya kawaida, chumba kilichotulia, redio imezimwa.

Swali lako la pili. Ndiyo, wapo watakaosema hivyo, na msanifu lazima ajue kwamba anaweza kutumiwa. Picha ya mfupa si mfupa. Kwa hiyo maneno yafuatayo yawe kwenye kioo muda wote mnyama anapoonekana, kwa herufi zinazosomeka: "Mifupa hii ipo Berlin." Si mwishoni, si kwenye ukurasa wa maelezo. Watu wakimwona mnyama kiwanjani mwao na wakasoma mstari huo, nadhani watauliza zaidi, hawatanyamaza.

Kisha mkataba. Mfupa ukishapigwa picha za pande zote na kugeuzwa umbo la kompyuta, faili hilo ni mali. Anayelishika anaweza kulitia kwenye mchezo, fulana, filamu. Kabla hamjashukuru kwa kupewa programu ya bure, ulizeni: faili litakaa wapi, ni nani anaruhusiwa kulitumia Lindi bila kuomba ruhusa, na mradi ukiisha baada ya miaka miwili mtabaki na nini mikononi? Ikiwa jibu la swali la mwisho ni "mtaendelea kuipakua", bado hamjapewa kitu.

SWALI: Dada, tunabuni ziara ya simu kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Mwenzangu anataka watu waonekane wakisali ndani ya msikiti mkuu. Mimi moyo wangu unasita. Nakosea?

JIBU: Hukosei. Paa limeanguka, kibla kipo. Wapo wageni wanaoingia pale wakasoma fatiha kimya kimya, na kwa wenyeji msitu ule na makaburi yake una wenyewe wasioonekana. Watu wa kuchora wakirukuu mbele ya mtu anayeomba dua kwa kweli ni kumkosea adabu. Mwaka 2016 makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi kule Washington yalilazimika kuwaomba wageni waache kuwinda vibonzo vya Pokémon Go, mchezo wa simu, ndani ya jengo, na mchezo ule haukukusudia ubaya wowote.

Onyesha maji. Msikiti ule una kisima na birika la kutawadhia. Maji yakianza kutiririka kwenye jiwe lililokauka karne nne, mgeni atajua watu walikuwapo, na hutakuwa umemchora hata mmoja. Kabla ya hapo zungukeni na imamu wa karibu na wazee wa Kigiriama, muwaulize mahali pa kutowasha simu kabisa. Mtakapoambiwa "hapa hapana", msiweke hata alama.

SWALI: Nitajuaje kama kazi yangu imefaulu? Wafadhili wanataka idadi ya waliopakua.

JIBU: Wape hiyo idadi, wameiomba. Yako mwenyewe ipate hivi. Simama mbali kidogo na kituo, uwe na saa na daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza andika sekunde ambazo mgeni alitazama kioo. Ya pili andika sekunde alizotazama kitu chenyewe baada ya kushusha simu. Usiwe umevaa fulana ya mradi, la sivyo atakutazama wewe. Wageni thelathini wanatosha kuanza, wa siku tofauti, na wazee wawemo, maana mikono yao huchoka kuinua kishikwambi na hutaligundua hilo ukiwapima vijana peke yao.

Safu ya pili ikiwa sifuri sifuri sifuri, punguza ulichoweka kwenye kioo. Toa maandishi kwanza, kisha muziki. Pima tena Jumamosi inayofuata.